Primedi sio meja: mazungumzo na vijana na wazazi wao

Wazazi shikamooni, vijana mambo. Nitaongea fasta, pilau nimeshaisikia harufu yake.

Swali ninaloulizwa sana hapa Marekani ni hili, mwanangu anataka udaktari, asome meja gani, yaani fani kuu ya digrii yake? Na mzazi mara nyingi keshajijibu, bayolojia, maana kwetu ukimaliza form six na PCB yako, fizikia, kemia na bayolojia, ukifaulu unaingia zako chuo cha Muhimbili, digrii ya udaktari (MD) miaka mitano. Huku sivyo. Huku ni digrii ya kwanza miaka minne, ndo unaomba shule ya udaktari minne mingine, halafu residensi, yaani mafunzo ya kazi hospitalini, miaka mitatu hadi saba kutegemea na fani. Na primedi, yaani maandalizi ya kuingia shule ya udaktari, kwenye vyuo vingi sio meja, ni orodha tu ya masomo: bayolojia, kemia ya mwanzo, kemia ogani, fizikia, na maabara zake, siku hizi na bayokemia. Ukiyapasua hayo, soma historia, soma muziki, soma unachokipenda. Tena MCAT, mtihani wa kuingia shule ya udaktari, tangu 2015 ina sehemu nzima ya saikolojia na sosholojia, kwahiyo binti akikwambia anasoma sosholojia usimwitie kikao cha ukoo jamani.

Shule za udaktari zinaangalia GPA, yaani wastani wa alama zako, na ya sayansi wanaipigia hesabu yake pembeni. Sasa unamsukumia mtoto uhandisi wa bayotiba kwa vile jina linanoga kulitaja kanisani, anatoka na GPA ya 2.9 kati ya 4, hapo umemsaidia nini?

Unesi ndo kesi nyingine, na hapa tusikilizane maana nusu yetu humu tumepitia CNA, kazi ya msaidizi wa nesi, kwenye nyumba za wazee. Unesi ni meja kweli, unachukua BSN, digrii ya unesi, unafanya NCLEX, mtihani wa leseni, unaanza kazi, na inalipa. Ila kama nia yako ni udaktari jua kwamba kemia ya manesi mara nyingi ni ile fupi, shule nyingi za udaktari haziikubali, na klinikali, yaani mazoezi ya hospitalini, zinakula ratiba, mtu anamaliza BSN yake safi kabisa halafu anarudi darasani kuanza kemia upya na ada anailipa tena. Inawezekana, wapo waliofanya, lakini mfuko unauma. Kamwone mshauri wa chuo mwaka wa kwanza, sio wa tatu.

Wa PA, yaani mnaotaka kuwa wasaidizi wa daktari (physician assistant), masaa yako ya CNA shule nyingi zinayahesabu, yaandike yote.

Na nyie wa viza ya F-1, ya wanafunzi wa nje, shule nyingi za udaktari hazichukui wanafunzi wa nje, angalia hilo kabla hujalipia MCAT.

Haya maswali, mama pale mbele naona mkono.