Klachi Iliyogandana Haijafa, Msiikimbilie na Spana

Karibuni jamani, sogeeni mbele kidogo, wa nyuma hamtasikia. Wengi mmeshanisikia nikilisema hili na leo nalirudia kwa sababu watu bado wanapasua injini bure. Pikipiki imelala muda mrefu, unaiwasha inawaka vizuri, unashika klachi, unatia gia ya 1, inaruka mbele kama imechomwa mwiba halafu inazima. Basi mtu anatangaza gia boksi imekufa. Haijafa! Pleti zimeshikana tu.

Klachi yenyewe mnaijua, pleti za faiba na za chuma zinapokezana, springi zinazibana, na kwenye pikipiki nyingi zote zinaogelea kwenye oili ya injini. Sasa chombo kikikaa miezi na miezi springi hazilali, zinabana usiku na mchana, oili inakamuliwa inatoka katikati ya pleti, inayobaki inakuwa nzito kama gundi, na unyevu ukiingia ndo chuma kinashika kutu na faiba inang'ang'ania hapo hapo. Ukishika klachi springi zinaachia kweli, lakini hakuna kitu kinachozivuta pleti zitengane. Hapo ndo naomba mnielewe, springi kazi yake kubana, kutenganisha inabidi wewe usaidie.

Kuna kijana alinijia na pikipiki ya marehemu baba yake, imekaa miaka 3 chini ya turubai. Alishaambiwa na fundi injini ishushwe ifunguliwe yote, na kwa vile hela ya kazi hiyo hakuwa nayo alikuwa tayari kuiuza kama chuma chakavu. Nikamuuliza, umecheki kebo ya klachi? Hajacheki! Tukaanza hapo, yeye anashika klachi, mimi naangalia ule mkono mdogo unaovutwa na kebo pale kwenye injini, na unasogea vizuri, kwa hiyo kebo nzima, shida iko ndani. Tukamwaga oili ya zamani tukaweka mpya, tukaisukuma mpaka uwanjani, nyutro, tukaiwasha tukaiacha iungurume kama dakika 15 mpaka injini ikawa ya moto kabisa. Yeye anataka atie gia hapo hapo. Nikakataa, zima kwanza. Tukazima, tukatia gia ya juu, akashika klachi mpaka mwisho na mimi nyuma nasukuma, mbele, nyuma, mbele, nyuma, tairi linataka kuzungusha injini na injini inagoma kwa kompresheni, yaani hewa inayobanwa ndani ya silinda, na ule mgomo ndo unaozivuta pleti. Dakika 5 hakuna kitu, jasho tu. Tukaipasha moto tena, tukarudia, mara ya tatu tukasikia tak! ndani, na pikipiki ikateleza mbele utafikiri iko nyutro. Yule kijana alikaa chini akalia, ilikuwa pikipiki ya baba yake jamani, na hatukufungua bolti hata moja ya injini ukiacha ile ya kumwagia oili.

Najua kuna mtu anasema moyoni, mbona mimi huwa natia gia inawaka hivyo hivyo, inaruka, inaachia, kazi imeisha. Sawa, mara nyingine inaachia. Na isipoachia? Mbele yako ukuta, pembeni mtoto kasimama anaangalia, chombo cha kilo 100 na ushee kimeruka na klachi ya kukizuia huna. Hilo nalisema kila mwaka na kila mwaka naona mtu na mguu umefungwa bandeji. Na wale wa kuipandisha stendi kubwa, tairi linazunguka hewani halafu wanakanyaga breki ya nyuma, ikishuka kwenye stendi utaishika na nini? Na kuiungurumisha dakika 15 ndani ya chumba usithubutu, moshi ule una kaboni monoksidi, haina harufu na inaua.

Mwenye zile za zamani za Uingereza, Triumph, BSA, Norton, wewe una bahati, kiki yako inapita kwenye klachi, kwa hiyo ukiwa nyutro shika klachi upige kiki pole pole mara kadhaa kabla ya kuwasha, pleti zinaachana. Za kisasa nyingi kiki haipiti huko kwa hiyo usijichoshe.

Ikigoma kabisa, ikiwa bado ya moto funga leva ya klachi kwenye mshikio kwa mpira, iache ilale hivyo usiku mzima oili ipenye, asubuhi sukuma tena. Imegoma tena? Haya, sasa fungua, lakini kifuniko cha klachi tu, siyo injini! Legeza bolti za springi kwa kupishana, kidogo kidogo, toa pleti ukikumbuka mpangilio wake, usizichokonoe na bisibisi maana faiba inamegeka, chuma sugua kutu kwa msasa laini, iliyopinda tupa, na faiba mpya ziloweke kwenye oili kabla hujazirudisha. Dawa ya kulegeza kutu usiipulizie humo.

Oili nilitaka niiongee kwa kirefu ila naona saa inanikimbiza, angalia kopo liandikwe JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi za pikipiki zinazoogelea kwenye oili, za magari nyingi zina dawa ya kupunguza msuguano na klachi itateleza. Na wenye klachi kavu, isiyoogelea kwenye oili, kama Ducati kadhaa na BMW za zamani, oili ya moto haiwahusu, njooni tuongee pembeni.

Pale nje kuna moja imelala toka mwaka juzi, nimeshacheki kebo na oili ni mpya. Twendeni tukaiwashe, nahitaji wawili wa kusukuma na mmoja wa kushika klachi asiyeachia mpaka nimwambie.