Hamu ya Sigara Ina Saa Zake

KHAMIS: Assalaam alaykum wasikilizaji, mlioko Unguja, Pemba na kokote mnakotusikiliza. Mimi Khamis, na mwenzangu Bi Rukia yupo. Leo tunazungumza na mtu aliyekwisha kata shauri kuacha sigara. Kwamba inadhuru anajua. Anachotaka ni kuambiwa afanye nini hamu ikimpanda.

RUKIA: Waalaykum salaam. Tuanze na hiyo hamu yenyewe. Ukivuta, nikotini, ile ya kwenye tumbaku inayomfanya mtu awe mraibu, inafika kwenye ubongo kwa sekunde 10 mpaka 20. Kisha inaanza kuondoka, kila baada ya saa 2 hivi inapungua nusu. Ndiyo maana mvutaji wa pakiti nzima hapitishi saa moja bila kutafuta kiberiti.

KHAMIS: Na akiacha kabisa?

RUKIA: Arosto, yaani mateso ya mwili kukosa nikotini, inaanza siku hiyo hiyo. Hasira za haraka, usingizi wa kukatikakatika, njaa, mtu hatulii pahala. Kali zaidi ni siku ya 2 na ya 3, kisha inateremka kwa wiki 2 mpaka 4. Lakini hata siku ya 3 hamu haikai mfululizo. Inapanda kama wimbi, inakaa dakika 3, 5, ikizidi sana 10, inashuka. Uvute usivute, inashuka.

KHAMIS: Sasa hapa pana swali tunaloulizwa kila mwaka. Mtu anafunga Ramadhani, tangu alfajiri mpaka magharibi ni saa 13 na zaidi, hagusi sigara. Mwezi mzima. Mfungo mosi ukiingia anavuta kama kwanza. Kwa nini mwezi haukumtoa?

RUKIA: Kwa sababu hakuwahi kufika siku ya 2. Saa 13 nikotini imepungua nusu mara 6, iliyobaki ni chembe. Mwili ndio kwanza unaingia kwenye arosto, magharibi inaadhiniwa, anakula tende, anakunywa maji, halafu anakwenda uani na sigara. Kesho anaanza upya. Kwa upande wa sigara, hizo zote ni siku ya kwanza. Mateso anayapata, kilele hakivuki.

KHAMIS: Subhanallah.

RUKIA: Basi anayetaka kuitumia Ramadhani apange usiku, baina ya futari na daku. Mchana anauweza tayari. Usiku 3 za mwanzo asikae na wavutaji kabisa, aende tarawehe, akirudi alale mapema.

KHAMIS: Tuingie kwenye maandalizi. Wiki moja kabla ya siku ya kuacha, andika kila sigara: saa ngapi, wapi, na nani, baada ya nini. Nyuma ya daftari la mtoto panatosha. Wanaonunua dukani moja moja ndio wanaohitaji zaidi, maana hawana pakiti ya kuhesabia. Mtu anakwambia navuta 5, ukihesabu unakuta 12.

RUKIA: Na karatasi hiyo itakuonesha kwamba hamu ina saa zake. Baada ya chai ya asubuhi. Baada ya kula. Kwenye kahawa barazani. Ukisubiri gari. Kila saa ipangie kitu chake kabla. Baada ya kula, inuka pale pale, piga mswaki. Barabarani, tia karafuu 1 mdomoni, isiwe zaidi, ni kali na inatia ganzi. Iliki pia inafaa. Ukiwa nyumbani, maji glasi nzima, kidogo kidogo, na pumzi ndefu za puani 10. Ukimaliza hayo, dakika 5 zimepita.

KHAMIS: Mswaki wa mti je?

RUKIA: Huo naupenda sana, kwa sababu mvutaji amezoea mkono uende mdomoni mara mia na zaidi kwa siku. Mswaki unaupa mkono kazi.

KHAMIS: Kahawa, Bi Rukia. Usiiruke.

RUKIA: Siiruki, maana hili wengi hawalijui. Moshi wa sigara unalifanya ini liivunje kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, ini linarudi kwenye mwendo wake, na kahawa ile ile inakaa mwilini muda mrefu zaidi, karibu mara 2. Mtu alikuwa akinywa finjani 6 na analala vizuri. Ameacha sigara, anakunywa 6 zile zile, mikono inamtetemeka, moyo unamwenda mbio, usiku macho makavu. Anasema arosto imenishinda, anarudi kwenye sigara. Kumbe ni kahawa. Ikate nusu tangu siku ya kwanza: 6 ziwe 3, na ya mwisho iwe kabla ya alasiri.

KHAMIS: Jambo hilo hilo la ini linagusa dawa. Anayetumia aminofilini kwa pumu, au klozapini au olanzapini kwa maradhi ya akili, amwambie daktari kabla ya kuacha, ili kipimo kiangaliwe. Na mgonjwa wa sukari anayepiga insulini apime mara nyingi zaidi wiki za mwanzo.

RUKIA: Sawa kabisa. Sasa jojo za nikotini, zile dawa za kutafuna zinazompa aliyeacha nikotini kidogo bila moshi, ili hamu ipungue. Watu wanazilaumu bure, wanazitafuna kama jojo za watoto. Nikotini yake inatakiwa iingie kwa ngozi ya ndani ya mdomo. Ukitafuna mbio, inateremka na mate tumboni, unapata kwikwi na kiungulia, na sehemu kubwa inavunjwa na ini. Hamu iko pale pale.

KHAMIS: Basi inatafunwaje?

RUKIA: Pole pole, mpaka usikie pilipili ulimini. Hapo acha, ibane baina ya ufizi na shavu. Pilipili ikiisha, kama dakika 1, tafuna tena kidogo, ibanie upande wa pili. Hivyo hivyo mpaka dakika 30. Na dakika 15 kabla yake, na muda wote iko mdomoni, usinywe kahawa, soda wala maji ya ukwaju. Ukali wa vinywaji hivyo unaizuia nikotini kupenya.

KHAMIS: Mla tambuu atalifahamu hili upesi. Kwenye jani la mtambuu anapaka chokaa, anatia popoo na tumbaku. Ile chokaa ndiyo inayoifanya nikotini ya tumbaku ipenye haraka mdomoni. Jojo nayo imetiwa kitu cha kazi hiyo hiyo. Ukinywa ndimu juu yake, umeiua.

RUKIA: Na kwa hiyo hiyo, aliyeacha sigara akahamia tambuu ya tumbaku au ugoro, hajaacha nikotini. Amebadilisha mlango tu.

KHAMIS: Vipimo.

RUKIA: Jojo ziko za miligramu 2 na 4. Jiulize sigara yako ya kwanza ni saa ngapi. Ikiwa ndani ya dakika 30 tangu kuamka, chukua ya 4. Zaidi ya hapo, ya 2. Kwa wiki 6 za mwanzo moja kila saa 1 au 2, zisizidi 24 kwa siku. Tumia kwa saa, usingoje hamu ipande. Kosa kubwa ni kutafuna 3 kwa siku halafu kusema dawa haifai.

KHAMIS: Na plasta ya nikotini, ile ya kubandika kwenye ngozi?

RUKIA: Anayevuta zaidi ya 10 kwa siku anaanza na ya miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 wiki 2, kisha 7 wiki 2. Wa 10 au chini yake aanze na 14. Ibandike asubuhi, ngozi kavu isiyo na nywele, juu ya kiuno: mkono kwa juu, kifua, mgongo. Ibonyeze kwa kiganja sekunde 10. Kesho pahala pengine, usirudie pale pale kabla ya wiki.

KHAMIS: Hapa kwetu inabanduka.

RUKIA: Inabanduka kwa mafuta ya nazi. Mtu ameoga, amejipaka, ndiyo anabandika. Na kaskazi likishika, jasho. Osha pahala pale kwa maji matupu, kausha vizuri, bandika, mafuta yapite mbali. Ukiota ndoto kali, ivue unapolala. Plasta pamoja na jojo zinafanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake: plasta inashikilia siku, jojo inakamata wimbi. Mjamzito, na aliyepata shambulio la moyo karibuni, waanze kwa daktari. Katika funga, jojo mchana haitumiki. Plasta muulize shehe wako.

KHAMIS: Vidonge vipo pia, vareniklini na bupropioni, vya kuandikiwa na daktari. Bupropioni haifai kwa mwenye kifafa.

RUKIA: Na vyote viwili huanzwa kama wiki 1 kabla ya siku ya kuacha.

KHAMIS: Mtu ameteleza, kapiga pafu mbili.

RUKIA: Izime, kishungi kitupe kwenye maji, plasta iache mwilini. Kisha rudi kwenye ile karatasi, tafuta ni saa gani hukuipangia kitu. Usingoje Jumatatu wala mwezi mwandamo. Sigara ya pili ndiyo ya kuikimbia.

KHAMIS: La mwisho, barazani. Mtu hawezi kuhama mtaa.

RUKIA: Hahami. Wiki 2 za mwanzo aende baada ya magharibi wakati wenzake wanatawanyika, au aende asubuhi. Akirudi kwenye saa yake, akae upande upepo unakotokea, moshi usimjie. Wakimpa, asiseme "najaribu kuacha," maana hapo watamwambia moja haina neno. Aseme "nimeacha," aombe bao lipangwe, mikono ishike kete.