Jinsi ya kutoa skrubu iliyoliwa kichwa kwenye pikipiki ya theluji

Habari zenu ndugu zangu, karibuni gereji. Hii mnayoiona mbele yangu ni pikipiki ya theluji: mbele ina ski mbili, nyuma ina mkanda mpana wa mpira. Huku Minnesota kaskazini watu huipanda kwenda kuvua samaki katikati ya ziwa lililoganda. Polaris wana kiwanda chao Roseau, hukuhuku kwetu, kwa hiyo mashine za zamani haziishi kuonekana. Hii ina injini ya mipigo miwili na kabureta mbili za Kijapani, za Mikuni. Mwenyewe alitaka kuzisafisha, akashindwa njiani, na sasa ona: skrubu ya bakuli, kile kikombe cha petroli chini ya kabureta, imeliwa kichwa, ile alama ya msalaba imebaki shimo la duara.

Kabla sijashika chombo chochote, nafunga koki ya petroli. Bakuli la kabureta hubaki na mafuta hata koki ikiwa imefungwa, kwa hiyo nafungua plagi ya chini na kuyamwaga kwenye chupa, chupa naitoa nje kabisa. Natoa waya hasi wa betri. Mlango wa gereji uwe wazi, na miwani ya kukinga macho vaa sasa hivi, usingoje mpaka tufike kwenye drili.

Sasa sogea karibu, hapa ndipo penye siri ya video nzima. Skrubu za kabureta ya Kijapani zinafanana sana na za nyota za kawaida (Phillips), lakini si zilezile. Zimetengenezwa kwa kipimo cha Kijapani kinachoitwa JIS. Mara nyingi utaona nukta ndogo kichwani, hii hapa. Bisibisi ya nyota ya kawaida ikiingia humu haifiki chini, inaning'inia kwenye kingo. Ukizungusha, inaruka, na kila ikiruka inakula chuma. Watu wanalaumu kutu, mimi nasema nyingi ya skrubu nilizozikuta zimeharibika ziliharibiwa na bisibisi isiyo yake. Nunua bisibisi za JIS, namba 2 na namba 3 zitakufanyia kazi nyingi. Na wewe fundi bodaboda unayenitazama, kama pikipiki yako ni ya Kijapani, jambo hili linakuhusu vilevile.

Kabureta nimeivua, iko juu ya ubao. Skrubu hii ambayo haijaliwa sana naanza nayo. Kwanza nasafisha uchafu ndani ya msalaba kwa ncha ya sindano. Naweka bisibisi ya JIS wima kabisa, nagonga kitako chake kwa nyundo ndogo, mara tatu, si kwa hasira. Huo mshtuko unaachanisha nyuzi za skrubu na nyuzi za mwili wa kabureta. Kisha nakandamiza kwa uzito wa bega na kuzungusha polepole. Nguvu kubwa iwe ya kusukuma ndani, ya kuzungusha iwe kidogo. Sikiliza... umesikia huo mlio? Imeachia.

Ukiona bisibisi inaanza kuteleza, simama hapohapo. Usijaribu mara ya pili kwa namna ileile. Paka ncha ya bisibisi pesti ya kusagia valvu, ile yenye chembe za mchanga, ndiyo inayoipa ncha meno. Mimi imeniokoa mara nyingi kuliko kipande cha mpira ambacho watu hukiweka kati ya bisibisi na skrubu.

Hii ya pili haina msalaba tena. Lakini kichwa chake kimetokeza juu ya bakuli, na hiyo ni bahati yetu. Nachukua plaizi ya kujifunga, naikaza kwenye ukingo wa kichwa mpaka ing'ate, kisha naizungusha robo kwenda kushoto. Nusu. Imetoka. Kama kichwa kingekuwa kimezama, ningekata mfereji mmoja kwa diski nyembamba na kutumia bisibisi bapa, lakini kukata kunatoa cheche, kwa hiyo kabureta ingekaushwa kabisa kwanza. Vilevile usigonge kabureta ikiwa imening'inia kwenye injini. Ni chuma chepesi cha kumimina, kinapasuka. Ivue, iweke juu ya ubao.

Haya, tuje kwenye bolti ngumu. Hii ni M6, yaani ya unene wa milimita 6, ya chuma iliyoingia kwenye bodi ya alumini. Mashine ilisafirishwa juu ya trela kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi, na chuma kikikutana na alumini penye maji ya chumvi, alumini inalika na kutoa unga mweupe unaojaa kwenye nyuzi. Hapo bolti imeshikwa kama imemwagiwa saruji.

Kitu cha kwanza: usifanye kazi hii nje kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Alumini hutanuka na kusinyaa karibu mara 2 ya chuma. Kwenye baridi tundu linaibana bolti zaidi, kwenye joto linaiachia. Mashine hii imelala ndani ya gereji yenye joto tangu jana, na jana hiyohiyo nilipuliza mafuta ya kupenya, nikarudia asubuhi. Tumia mafuta yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. WD-40 ya kawaida ilibuniwa mwaka 1953 kufukuza maji. Inasaidia, ila kwa bolti kama hii siitegemei.

Sasa napasha alumini kuzunguka bolti, siyo bolti yenyewe, kwa mashine ya kupuliza hewa moto. Tangi la petroli liko mbali na mvuke umekwisha. Moto wa gesi siutumii hapa hata kidogo, maana baadhi ya mashine hizi zina vifuniko vya magnesiamu, chuma kinachoweza kushika moto. Na sehemu uliyoisafisha kwa spreyi ya breki yenye klorini usiipashe moto kabisa, inaweza kutoa fosjini, gesi ya sumu inayoua.

Naweka spana. Nakaza kwanza, kidogo tu, kulia. Halafu kushoto. Kulia, kushoto. Unga unasagika ndani. Ikianza kulia kwa mlio mkali naongeza mafuta na kuirudisha nyuma kidogo. Usione aibu kutumia nusu saa kwa bolti moja.

Na hii jirani yake imegoma, kichwa kimeliwa chote. Naweka alama katikati kabisa kwa panchi, kisha natoboa kwa keekee ya mkono wa kushoto, inayokata drili ikizunguka kinyumenyume. Mwendo wa taratibu. Mara nyingi keekee hii inang'ata na kuitoa bolti yenyewe kabla hujamaliza. Isipotoka, endelea mpaka kichwa kidondoke. Kichwa kikitoka, mkazo umekwisha, unainua kipande kilichofungwa, na shina lililobaki linashikika kwa plaizi. Ona, hili linazunguka kwa vidole!

Kile chombo cha kuchomoa chenye meno ya kinyume nakiacha kiwe cha mwisho. Ni kigumu lakini kinavunjika kama kioo, na kikivunjikia ndani, keekee ya kawaida haitakitoboa.

Kurudisha ni haraka. Safisha nyuzi, paka bolti zinazoingia kwenye alumini grisi ya kuzuia kuganda, kidogo. M6 kwenye alumini usipite nyutoni mita 10 za nguvu ya kukaza. Skrubu za bakuli nimebadilisha zote nne, nimeweka za kichwa cha Allen, chenye tundu la pembe sita, na nazikaza kwa kupishana, kona hii kisha ya mkabala, kwa vidole viwili tu kwenye ufunguo.

Narudisha kabureta mahali pake, naifunga plagi ya chini. Nafungua koki. Nasubiri dakika 5, napitisha kitambaa chini ya bakuli... kikavu. Narudisha waya wa betri, nawasha.