Diski Imejaa Kwenye Linux? Usifute Chochote Kwanza

Hamjambo, karibuni. Leo tuko Kisumu, ndani ya saiba moja upande wa Kibuye. Mashine ya kaunta inatumia Ubuntu, na imegoma: watu wamepanga foleni wakitaka cheti cha PIN ya KRA, kila ukiprinti inalalamika kwamba nafasi imeisha. Mama mwenye saiba alikuwa ameshaanza kufuta picha za pasipoti za wateja. Mama, ngoja kidogo. Picha ziko /home, na hatujajua kama /home ndiyo iliyojaa.

Fungua terminali, andika:

df -h

Inaonyesha kila sehemu ya diski imejaa kiasi gani. Tazama safu ya asilimia. /home ina 41 tu, lakini /, yaani sehemu kuu yenye mfumo wenyewe, imefika 100. Picha zile ungezifuta mpaka jioni na printa ingeendelea kugoma.

Sasa andika df -i, inayohesabu ainodi, yaani rekodi ambazo diski hutunza za kila faili. Watu wengi huiruka hatua hii. Kila faili, hata lisilo na kitu ndani, linahitaji ainodi yake, na kwenye ext4 idadi ya ainodi hupangwa siku diski inapofomatiwa. Zikiisha, ni kama godauni lenye nafasi ya magunia huku daftari la karani halina mstari uliobaki. Hapa zipo tele, twende mbele.

sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h

du inapima ukubwa wa kila folda. Hiyo x usiisahau, ndiyo inayoizuia du kuvuka kwenda patisheni (sehemu ya diski) nyingine. Folda nzito hukaa chini ya orodha. Yetu ni /var. Humo kuna vitu unavyoweza kuondoa bila wasiwasi:

sudo apt clean
sudo journalctl --vacuum-size=200M

Ya kwanza inafuta mafaili ya vifurushi yaliyopakuliwa ili kusakinisha programu (programu zenyewe zinabaki), ya pili inapunguza logi za mfumo, yaani kumbukumbu za matukio yake. Lakini /var/lib usiiguse kwa rm, hata ikionekana nene namna gani. Hifadhidata zinakaa humo.

Rudia df -h. Tumepata nafasi kidogo sana, na hapa ndipo mambo yanakuwa matamu: df inasema gigabaiti 38 zimetumika, du ikijumlisha inapata 22. Hizo 16 ziko wapi?

sudo lsof +L1

Amri hiyo inaorodhesha faili zilizofutwa ambazo bado zimeshikwa na programu. Hizi hapa. Ni error_log ya CUPS, ile huduma ya kuprinti. Kuna mtu aliwasha logi za kina akitafuta kosa la printa, akaziacha zikinenepa, kisha faili likafutwa kwa rm. Jina limeondoka, lakini Linux haiachilii nafasi mpaka programu ya mwisho iliyolishika faili ilifunge. Kwa hiyo:

cupsctl --no-debug-logging
sudo systemctl restart cups

Angalia df -h sasa: nafasi imerudi, na foleni ya kuprinti imeanza kusonga. Siku nyingine logi ikikua, ipunguze kwa sudo truncate -s 0 na njia ya faili. Usitumie rm huduma ikiwa inaendelea.

Je, kama lsof haina kitu na hesabu bado hazikubaliani? Shuku faili zilizofichwa chini ya maunti, yaani folda ambayo diski nyingine imeunganishwa juu yake. Stima hupotea, mashine inawaka tena bila diski ya nje, bekapu inaandikwa ndani ya folda tupu iliyo kwenye /, kisha diski inarudi na kuifunika. Kuchungulia chini yake:

sudo mount --bind / /mnt

Pima folda hiyo ndani ya /mnt kwa du, kisha ukimaliza, sudo umount /mnt.

Ikiwa iliyojaa ni /boot, sehemu ya kuwashia mashine, mara nyingi ni keneli (kiini cha Linux) za zamani. sudo apt autoremove --purge inatosha.

Na wenye Ubuntu Server iliyosakinishwa kwa LVM, yaani mfumo wa kugawa diski kwa sehemu zinazoweza kupanuliwa baadaye, piga sudo vgs kabla ya kununua diski. Chini ya VFree unaweza kukuta nafasi ambayo haijawahi kugawiwa. Ipo? Fanya bekapu, kisha:

sudo lvextend -r -l +100%FREE /dev/mapper/ubuntu--vg-ubuntu--lv

Hiyo -r inapanua na mfumo wa faili papo hapo, bila kuzima mashine.