Mbwa na Zabibu za Dodoma

Karibuni tena, ndugu zangu, kaeni. Wakati wa chai mama mmoja ameniuliza kama mbwa wake anaweza kula stroberi. Anaweza. Ioshe, ng'oa kikonyo na majani yake, mkatie vipande, basi. Forosadi zilizoiva nazo hazina neno, ingawa akizidisha ataharisha, na zulia utalifua wewe. Vionjo vyote kwa jumla visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku.

Sasa tuje kwetu. Hapa Dodoma stroberi ni ya kutafuta. Zabibu ndizo zimejaa kila kona. Na zabibu, ziwe za kwenye kichala au zile kavu za pilau, zinaua mbwa. Naona mnacheka. Hata mzee mmoja wa Hombolo alicheka, siku aliyoniletea mbwa wake wa kulinda shamba. "Daktari, huyu anaziokota chini ya mizabibu tangu mdogo!" Ndipo penye mtego. Mmoja anakula bakuli zima na mkia anautikisa. Mwingine anakula chache, figo zinagoma. Yule alikuwa ametapika usiku kucha. Nikayapekua matapishi kwa kijiti: maganda meusi, mbegu, povu. Kesho yake hakukojoa. Siku ya tatu tukamzika.

Miaka mingi hatukujua kinachoua ni nini. Mwaka 2021 madaktari wa wanyama Marekani wakainyooshea kidole asidi ya tartariki, ambayo kiasi chake hupishana kati ya zabibu na zabibu. Asidi hiyohiyo imo kwenye ukwaju, kwa hiyo na bakuli la ukwaju liwekeni juu.

Akizila, msingoje atapike. Mleteni saa ileile, tumtapishe mapema na kumtundikia dripu, maana dawa ya kuivunja sumu hiyo hatuna. Maziwa mnayokimbilia hayasaidii. Maji ya chumvi ndiyo kabisa msimnyweshe: chumvi nyingi inaweza kumuua kabla ya zabibu.

Naam, kijana wa nyuma? Makapi ya mvinyo? Yamo, tena hayo ni hatari kwa sababu yanarundikwa nje na mbwa anajilia apendavyo. Yafukie chini sana, au mpe jirani mwenye ng'ombe.