Bendera ya Taifa: rangi nne na mstari wa mshazari

Ndugu walimu, na ninyi mafundi cherehani mlioitika wito, karibuni.

Ukimwuliza mtoto wa shule maana ya rangi za bendera ya Tanzania, atakujibu palepale: kijani ni ardhi na uoto wake, nyeusi ni watu, bluu ni bahari, maziwa na mito, manjano ni madini. Amepata. Lisiloulizwa ni rangi hizo zilitoka wapi, na kwa nini zimekaa mshazari.

Bendera ya Tanganyika iliyopandishwa usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 ilikuwa ya mistari ya kulala: kijani, nyeusi, kijani. Hizo ni rangi za chama cha TANU. Kilichoongezwa ni michirizi miwili ya dhahabu iliyotenga nyeusi na kijani. Zanzibar ilijitawala 10 Desemba 1963 kwa bendera nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili, ambayo haikumaliza hata siku arobaini: Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yaliiondoa, na muda si mrefu zikashika rangi za chama cha Afro-Shirazi, yaani bluu, nyeusi na kijani.

Ziwekeni bendera hizo mbili pamoja. Kijani na nyeusi zipo kotekote. Dhahabu ilikuwa ya Tanganyika, bluu ya Zanzibar. Muungano wa 26 Aprili 1964 ulizaa bendera mpya tarehe 30 Juni mwaka huohuo: rangi mbili za wote, na moja moja kutoka kila upande. Zingelazwa kama zamani, rangi mojawapo ingekaa juu na nyingine chini kabisa, na watu wangeanza kuuliza nani kampanda nani. Kwa mshazari, kijani na bluu zina pembetatu zinazolingana sawasawa. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye akili ya bendera hii, kuliko kwenye maana za rangi.

Sasa tushike mkasi. Kimo kwa urefu ni 2 kwa 3. Ukigawa kimo mafungu 48, nyeusi ni mafungu 13 na kila mchirizi wa manjano ni 3. Tuchukue bendera ya sentimita 120 kwa 180: nyeusi inakuwa 32.5, kila mchirizi 7.5. Vipimo hivyo hupimwa kwa kuukata mkanda wa mshazari (nyeusi na michirizi yake) kwa pembe mraba, si kufuata ukingo wa kitambaa. Wengi hukosea hapo, na mkanda hutoka mwembamba.

Njia rahisi ni kuanza na kona ya chini upande wa mlingoti. Panda na ukingo, weka alama kwenye sentimita 19.5, mwisho wa nyeusi, na 28.5, mwisho wa manjano. Rudi konani, fuata ukingo wa chini, weka alama kwenye 29.3 na 42.8. Fanya vivyo hivyo kona ya juu ya upande wa pili, kisha unganisha alama kwa rula ndefu. Kona yenyewe lazima iangukie katikati ya nyeusi. Ikigusa manjano, umeshapotea.

Kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika, fundi yeyote anajua. Ukikivuta chini ya sindano, mkanda hutoka na mawimbi hata pasi isiyaondoe. Bandika kwanza kwa mshono wa mkono, ndipo upitishe cherehani bila kuvuta. Upande unaopigwa na upepo ndio huchanika mapema, basi upindo wake uwe wa mikunjo miwili na mishono zaidi ya mmoja. Na bluu yake ni ya mwanga, jamani, si ile ya sketi za shule.

Kuhusu kupandisha: kijani hukaa juu, ikigusa mlingoti, na mkanda huanzia chini ya mlingoti ukipanda kuelekea nje. Ukiona mkanda unateremka kutoka juu ya mlingoti, bendera imefungwa kichwa chini. Kuitazama kwa nyuma si kisingizio, maana hata huko mkanda bado hupanda ukitoka mlingotini.

Siku za msiba, bendera haiishii njiani wakati wa kupandishwa. Hufikishwa kileleni kwanza, ndipo ishushwe hadi nusu mlingoti. Na jioni hurudishwa kileleni kabla ya kuteremshwa.