Pikniki hifadhini: panga saa kwanza, mapishi baadaye

Wazazi wenzangu, walezi, na vijana mliokuja nao, karibuni. Mazungumzo ya pikniki kwa kawaida huanza na mapishi. Leo mapishi nimeyaweka mwishoni, kwa sababu siku ya hifadhini mara chache huharibiwa na upishi. Huharibiwa na chakula kizuri kilichokaa saa nane ndani ya gari la moto, au na watoto wenye njaa mahali ambapo hakuna ruhusa ya kushuka. Kwa hiyo tuanze na saa.

Hifadhini gari haliendi kama kwenye barabara kuu. Serengeti kikomo cha mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Kruger, kule Afrika Kusini, ni 50 kwenye lami na 40 kwenye changarawe. Hapo hamjasimama hata mara moja, na hamkwenda huko ili msisimame. Kilomita 60 zihesabiwe kuwa saa tatu. Wanyama wengi hutembea alfajiri na jioni, jua likiwa kali hulala kivulini. Maana yake ni kwamba asubuhi isipotezwe mezani. Kiamsha kinywa kiwe cha kushika mkononi, kiliwe gari likiwa limesimama, na mlo mkubwa uwe saa sita au saa saba mchana, wakati porini pametulia.

Sasa, mlo huo mtaulia wapi? Katika hifadhi nyingi zenye wanyama wakubwa hamshuki popote mpendapo. Mnashuka kwenye vituo vilivyotengwa tu, na mara nyingi vyoo viko hukohuko. Kwa hiyo chukueni ramani kabla ya safari, wekeni alama kwenye kila kituo, halafu getini muulize mambo manne: kuna meza na kivuli? Kuna maji? Choo kinafanya kazi? Moto au jiko la gesi vinaruhusiwa? Majibu hayo manne yanabadilisha kinachoingia kwenye kapu kuliko kitabu chochote cha mapishi.

Tuje kwenye joto, na hapa nitakaa kidogo. Vimelea vya magonjwa hustawi kati ya nyuzijoto 5 na 60. Katika mazingira yanayowafaa, bakteria mmoja anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Pigeni hesabu: saa moja ni wanane, saa nne ni zaidi ya 4,000. Ndiyo maana chakula kinachoharibika haraka, yaani nyama, samaki, mayai yaliyopikwa, maziwa, wali au maharage yaliyopikwa, hakipaswi kukaa nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na hewa ikizidi nyuzi 32 ni saa moja tu. Gari lililofungwa juani huvuka nyuzi 32 upesi sana. Kuku aliyefungwa saa kumi na moja alfajiri bila barafu, ifikapo saa moja asubuhi muda wake umekwisha. Mlo wenu ni saa saba mchana.

Wapo wanaosema, tutapasha moto hukohuko. Haitoshi. Bakteria wa Bacillus cereus, anayependa wali, huacha mbegu zisizokufa kwa kuchemshwa, na sumu yake ya kutapisha haiondoki kwa kupasha. Staphylococcus aureus, anayetoka kwenye mikono na pua zetu wenyewe, naye sumu yake huvumilia moto. Unaweza kuua bakteria wote sufuriani na mtoto bado akatapika njia nzima ya kurudi. Watoto wadogo, wajawazito na wazee ndio huumia zaidi, na mara nyingi hospitali iko mbali.

Kinga ni sanduku la barafu lililopangwa vizuri, na wengi hulipanga vibaya. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka yote inapokea joto la kutosha kushusha kilo nne za maji kutoka nyuzi 25 hadi 5. Sasa chukueni chupa 12 za nusu lita, zenye joto la chumbani, zitumbukizwe sandukuni asubuhi. Ni kilo sita za kinywaji, na zitameza kilo moja na nusu ya barafu kabla hazijapoa. Ikiwa mlibeba kilo mbili, kilichobaki cha kumlinda kuku ni nusu kilo. Barafu ni ya kutunza ubaridi. Kazi ya kupoza ifanywe na friji nyumbani, usiku wa kuamkia safari, kwa vinywaji na kwa chakula pia. Hata sanduku lenyewe, kama lilikuwa stoo lenye joto, liwekewe barafu kidogo usiku, asubuhi mmwage maji yake.

Barafu ya pande kubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo. Njia rahisi ni kugandisha chupa za lita moja au moja na nusu: zikiyeyuka mnapata maji ya kunywa, na chakula hakiogelei. Zianze kugandishwa siku nzima kabla, wala zisijazwe hadi shingoni, kwa kuwa maji yakiganda huongezeka kwa karibu asilimia 9 na chupa hupasuka. Tumieni chupa ngumu za kutumika tena na tena, lakini si zile za chuma za kuta mbili, hizo hazigandishwi. Zaidi ya hayo, baadhi ya nchi hazikubali plastiki za kutumika mara moja hifadhini. Kenya ilizipiga marufuku katika hifadhi zake za taifa kuanzia tarehe 5 Juni 2020.

Namna ya kupanga ni hivi. Chini wekeni chupa zilizoganda, juu yake chakula kizito kwenye vyombo vyenye mfuniko wa kubana, halafu juu kabisa barafu nyingine, kwa sababu hewa baridi hushuka. Nafasi iliyobaki jazeni taulo, maana hewa tupu huyeyusha barafu. Kama kuna nyama mbichi ya kuchoma, ifungwe mara mbili na ikae chini kabisa, maji yake yasidondokee saladi. Na kama mnaweza, bebeni masanduku mawili, moja la vinywaji, ambalo watoto watalifungua kila dakika kumi, na jingine la chakula, linalofunguliwa mara moja tu saa ya kula. Kati ya ushauri wote wa leo, huu ndio ninaouthamini zaidi. Sanduku la chakula likae ndani ya gari, upande usiopigwa jua, si kwenye buti linalochemka.

Chakula kinachobebwa cha moto nacho kina masharti yake. Chupa ya kuhifadhia joto ijazwe kwanza maji yanayochemka, ikae dakika tano hadi kumi, yamwagwe, ndipo supu iingie ikiwa bado inatokota. Mkiifungua saa ya kula, supu iwe juu ya nyuzi 60. Ikiwa vuguvugu tu, msiinywe. Kipimajoto kidogo cha jikoni humaliza ubishi.

Maji yasikadiriwe kwa macho. Siku ya jua, mtu mzima abebewe lita tatu, mtoto wa umri wa shule lita moja na nusu. Wazazi wawili na watoto watatu ni lita kumi na nusu, na muongeze lita tano za kunawa na za dharura gari likikwama. Dawa ya kutakasa mikono (sanitaiza) haiondoi tope wala mafuta, hivyo dumu lenye bomba dogo na sabuni vina nafasi yake.

Sasa wanyama. Nyani na tumbili walio karibu na vituo vya pikniki wanaufahamu mfuko wa chakula hata ukiwa umefungwa. Ndani ya kreta ya Ngorongoro, mwewe hushuka kutoka nyuma na kunyakua mkate mkononi, kucha zikimchana mlaji, ndiyo maana wengi hula chakula chao garini. Mana Pools, Zimbabwe, harufu ya machungwa huwavuta tembo, kwa hiyo machungwa hayatakiwi kuingia. Yosemite, Marekani, chakula hakiruhusiwi kulala ndani ya gari, kwa sababu dubu hung'oa milango. Mkiwa mezani, toeni kinacholiwa wakati huohuo tu, mengine yabaki garini vioo vikiwa vimefungwa. Mtu mzima mmoja asikae, awe analinda. Nyani akishika kitu, mwachieni. Kung'ang'aniana naye ndiko kunakoleta meno.

Na tusiwalishe, hata ganda la ndizi. Mnyama aliyezoea chakula cha watu huanza kupora, akipora hujeruhi, na akijeruhi mara nyingi huuawa. Anayelipa ni yeye, wala si yule aliyemrushia kipande. Maganda na mbegu yarudi nyumbani nayo. Hayaozi upesi kama tunavyodhani, huwavuta wanyama hadi kando ya barabara wakagongwa, na mbegu ngeni zinaweza kuota mahali pasipo pake. Bebeni mifuko miwili imara ya taka na chombo cha mfuniko kwa mabaki yenye harufu.

Mapishi, kama nilivyoahidi. Kuku apikwe hadi ndani afike nyuzi 74, akatwe vipande, atandazwe kwenye chombo kisichozidi kina cha sentimita 5 ili apoe haraka, aingie friji ndani ya saa mbili. Mayai yachemshwe dakika kumi na yasimenywe hadi saa ya kula, ganda ni kifungashio cha bure. Mkate upakwe siagi hadi kingoni ili usinyonye maji, nyanya zikatwe hukohuko. Njugu, matunda makavu na biskuti ngumu ndizo akiba ya dharura, hazihitaji barafu. Lakini njugu nzima na zabibu nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, hasa gari likiwa kwenye makorongo, zitamkaba.

Mkipika kwenye miinuko, kumbukeni maji huchemka chini ya nyuzi 100. Kwenye mita 2,000 ni karibu 93, hivyo wali na maharage huchelewa na gesi huisha mapema. Pikeni maharage nyumbani. Jiko la gesi au la mkaa lisiwashwe kamwe ndani ya gari au hema, hata kwa mvua, kwani hewa ya kaboni monoksidi haina harufu na inaua. Makaa yazimwe kwa maji, yakorogwe, yamwagiwe tena, mpaka ukisogeza mgongo wa mkono usisikie joto.

Jioni, kabla ya kuondoka, fungueni sanduku la chakula. Kama bado kuna barafu na vyombo ni baridi, mabaki ambayo hayakukaa mezani yanaweza kurudi friji. Kama barafu imekuwa maji ya vuguvugu, nyama, mayai na wali vitupwe, hata kama vinanukia vizuri. Nipo tayari kwa maswali, na ningependa waanze wenye watoto wanaonyonya chupa, kwa sababu maziwa yao yana taratibu zake.